Jinsi ya kusali wakati imani imekauka na hofu imejaa

Hii namwandikia mtu ambaye bado anaenda kanisani, anaimba, pengine hata yuko kwaya, ila ndani anajiuliza kama kweli kuna anayesikia, na hathubutu kumwambia mtu maana akifungua mdomo tu ataambiwa ana roho ya kutokuamini au hajaomba vya kutosha. Kama ni wewe soma taratibu, sitakuambia "amini tu mpendwa", hiyo umeshaambiwa sana na kodi bado unadaiwa.

Kabla ya yote acha kumficha Mungu mashaka yako. Yule baba wa Marko 9 aliyemleta mwanae anayeangushwa na pepo alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", yaani imani na shaka viko kwenye pumzi moja, na mtoto akapona siku hiyohiyo, Yesu hakumwambia nenda kajipange kwanza. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, alipokaa gerezani akatuma watu wakaulize kama ndiye au wamtazamie mwingine. Halafu Mathayo 28:17, hii wengi wanairuka sijui kwa nini, wanafunzi wako mlimani, wanamwona Yesu aliyefufuka, wanamsujudia, na imeandikwa kabisa kwamba baadhi yao waliona shaka. Wakapewa agizo lilelile la kwenda kwa mataifa yote pamoja na wenzao.

Haya, tuje kwenye namna ya kufanya.

Chukua daftari, andika tarehe, halafu andika kinachokutisha jinsi kilivyo. Sio "Bwana nakuletea changamoto zangu", hiyo ni lugha ya mimbarani. Andika: marejesho ya Ijumaa ya ule mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kuua, baba mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, majibu ya kipimo cha mama yanatoka Jumanne, mume siku hizi anarudi usiku na haongei. Ukishaandika utaona kuna mengine yana cha kufanya kesho asubuhi, mfano kumpigia baba mwenye nyumba kabla hajaja mwenyewe, na kuna mengine hayako mikononi mwako kabisa. Ya kwanza weka alama ukayafanye. Ya pili ndiyo tunayapeleka kwenye maombi, na hapa ndipo watu wengi wanakwama kwa sababu wamefundishwa kusifu na kushukuru tu, kulalamika hawajui, au wanaogopa.

Fungua Zaburi ya 13. Ni fupi, mistari sita tu, ndio maana nakuanzishia hiyo. Mistari miwili ya mwanzo Daudi anauliza "hata lini" mara nne, utanisahau hata lini, utanificha uso wako hata lini, na hana haraka ya kutuliza mambo. Mistari miwili inayofuata anaomba waziwazi, nitazame, unijibu, nisije nikalala usingizi wa mauti. Miwili ya mwisho ndio anasema ameitumainia fadhili ya Bwana na atamwimbia. Sasa isome mara moja kwa sauti, kisha weka yako humo ndani. Mfano:

"Bwana, hata lini nitapeleka barua za kazi naambiwa tutakupigia? Hata lini nitajificha nikiona namba ya yule anayenidai? Niangalie. Nipe hata kibarua wiki hii, nisije nikafanya kitu cha kujutia."

Umeona hakuna maneno makubwa. Na kama hasira ipo itoe, Mungu si mwenyekiti wa mtaa kwamba utamkera akufungie faili. Ukifika kwenye ile mistari miwili ya mwisho ukaona ukisema utakuwa unadanganya, ishia mstari wa nne, funga daftari ukalale. Hilo nalo ni ombi zima. Ukitaka ushahidi kasome Zaburi ya 88, mtu analia kwa Mungu mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, hamna kushangilia popote, na bado imo kwenye Biblia yetu. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa kulalamika, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", huo ni mwanzo wa Zaburi ya 22.

Fanya hivyo siku kadhaa ukibadilisha zaburi, ya 13, ya 42, ya 77, ya 142 nayo nzuri sana ukiwa umebanwa kote. Dakika kumi zinatosha kabisa, mkesha utaenda ukipata nguvu.

Jambo lingine ni mwili, na hapa wapendwa tunajiumiza. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 amekimbia Yezebeli, amekaa chini ya mretemu anaomba afe, na malaika alipokuja hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Maneno na Mungu yalikuja baadaye huko Horebu. Kwa hiyo kama hujalala siku tatu usiongeze mfungo, kula, lala, omba kesho. Na mtu akikuambia ufunge mpaka ufe ukutane na Yesu, au uache dawa za presha au ARV kuonyesha imani, ondoka hapo usirudi hata kuchukua Biblia yako. Shakahola kule Kilifi, mwaka 2023 na kuendelea ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliomwamini mhubiri. Na Moshi mwezi Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mtu mwenye hofu anauziwa chochote, basi jiwekee sheria kabisa: ukiwa kwenye hali hii hutoi pesa ya muujiza kwa mtu yeyote, hata akitaja jina lako na la bibi yako.

Na kama yale mawazo ya Eliya ya kufa yanakujia na wewe, hayo usiyabebe peke yako hata usiku mmoja, mwambie mtu leo, akupeleke hospitali. Huku kwetu mtu akisikia daktari wa akili anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na kuchekwa, lakini mtu mwenye malaria hatumwambii akemee tu, tunamwambia akapime, na hili nalo ni hivyohivyo.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Mmoja. Sio grupu la WhatsApp la wanamaombi, huko ukiandika "naomba mniombee nina mashaka" kesho jirani anakuangalia kwa huruma. Wazee wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya, Tanganyika, walikuwa wanakaa pamoja wanasema yaliyomo moyoni bila kupaka rangi, jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Tafuta anayeweza hilo, pengine mama mtu mzima kwenye jumuiya yako aliyezika watoto na bado anasali, huyo hatashtuka. Mwambie kabisa unataka nini kwake: "Mama, sitaki ushauri leo, naomba unisikilize tu." Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba kimya, walivyoanza kuongea ndio wakaharibu, mpaka mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa analalamika.

Kanisani nenda hata kama huhisi kitu. Siku ambayo huwezi kuimba simama tu wenzako waimbe, hamna anayehesabu. Mama Teresa wa Calcutta barua zake zilipotolewa 2007 watu walishangaa, miaka mingi sana alikuwa hahisi uwepo wa Mungu kabisa, na kila siku aliamka akasali akaenda kuhudumia wagonjwa. Hisia zikirudi vizuri, zikichelewa endelea na ratiba.

Na lile daftari usilitupe. Baada ya miezi mitatu hivi rudi kwenye zile tarehe usome ulichoandika, pale penye jibu andika pembeni lilikujaje na kupitia nani, hata kama ni shemeji tu alituma hela. Pale ambapo bado, usilazimishe ushuhuda ili kanisa lipige makofi, andika tarehe mpya na uulize tena, hata lini.