Antena ya gigahezi 28 inayogeuza mwale bila kuzunguka: hatua kwa hatua

Juzi nilishinda kutwa na mwenzangu mbele ya antena yake ya kurushia mawimbi kwenye satelaiti, yenye vipande 64, yaani antena ndogo ndogo zinazorusha kwa pamoja. Akiiagiza ipeleke mwale nyuzi 30 kutoka mbele, unakwenda kwingine na miale ya pembeni imevimba. Programu alishaiandika upya mara mbili, na haikuwa na kosa.

1. Nafasi. Urefu wa wimbi ni milimita 10.7, kwa hiyo panga vipande kila nusu yake, milimita 5.35. Ukiachanisha zaidi, mwale wa pili huzuka upande wa pili.

2. Bodi. Tumia lamineti ya PTFE, plastiki ya aina ya Tefloni. FR4, bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, achana nayo hata kwa majaribio, inameza mawimbi.

3. Awamu, yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake. Mwale hugeuka kwa kuipishanisha kipande kwa kipande. Tofauti kati ya kipande na jirani yake ni 180 mara sine ya pembe. Nyuzi 30 zinadai awamu ya nyuzi 90.

4. Kusawazisha. Fomula hiyo inaamini vipande vyote vinaanzia sifuri, na haviwi hivyo kamwe: kila chipu na kila njia ya shaba ina awamu yake. Wengi huwasha kipande kimoja kimoja na kusogeza kipimio mbele yake. Siipendi njia hii. Kebo inajikunja kila unaposogeza, na ndani yake robo ya milimita tu ni nyuzi 12 hivi za awamu. Hapo ndipo siku yetu ilipopotelea.

Badala yake, washa vyote. Simamisha antena ya kupokelea mita 1 mbele, usiiguse tena. Zungusha awamu ya kipande kimoja duara zima ukiandika nguvu peke yake. Inapopanda kabisa, kipande kimekubaliana na wenzake. Awamu ya kebo haina kazi hapa. Ila nguvu inacheza kama robo ya desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) tu, basi acha chipu zipate joto lake kwanza, na kila nukta ipime mara nyingi utafute wastani. Vipande vya kwenye kona viko mbali na antena ya kupokelea kuliko vya katikati kwa theluthi ya milimita, yaani nyuzi 12. Ziondoe kwa hesabu. Kisha rudia mzunguko wote, kwa sababu ulipovirekebisha vya kwanza, jumla uliyolinganishia nayo imebadilika.

5. Pima. Ukifika nyuzi 60 tarajia kupoteza desibeli 3 (nusu ya nguvu) au zaidi, usihangaike kuzitafuta. Mwale wa mwenzangu ulitua kwenye nyuzi 30 baada ya mzunguko wa pili.