Kabla hujapanda mtumbwi kuhesabu ndege Malagarasi

Sensa ya ndege wa majini hufanyika Januari, na huku bonde la Malagarasi, Kigoma, Januari ni mvua. Kila mwaka kuna anayeuliza kwa nini tusingoje kiangazi, njia zikauke. Hatuwezi. Januari ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wametulia huku, na nchi nyingine nazo zinahesabu kipindi hicho. Ukihesabu Mei, wengi wameshaondoka kwenda kutaga, na namba yako haina cha kulinganishwa nacho. Ndivyo mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama (AEWA), uliofikiwa The Hague mwaka 1995, unavyofanya kazi, na Tanzania ni mwanachama: ndege mmoja, nchi nyingi, hesabu moja.

Kwa hiyo anza na kibali, tena Desemba. Sehemu zilizo ndani ya Pori la Akiba la Moyowosi huingii bila ruhusa ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Nje ya pori, piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wavuvi wenyewe. Huku mtu mwenye darubini hudhaniwa ni wa doria, na mvuvi aliyekudhania hivyo hakuonyeshi bata walipolala.

Mchukue huyohuyo mvuvi akupigie kasia. Shida yake ni moja: kwake kila mwenye miguu mirefu ni korongo. Kaeni na kitabu cha picha jioni moja kabla ya safari, mkubaliane yupi ni yupi. Korongo nyangumi hatakusumbua, mdomo wake kama kiatu kikuukuu humtambulisha. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, ndio watakaokutoa jasho.

Beba penseli. Mimi niliwahi kwenda na kalamu ya wino. Mvua ikanyesha nusu saa, nikarudi na daftari la bluu na aibu. Funga karatasi kwenye mfuko wa plastiki, na vaeni majaketi ya kuokolea, hata mkicheka.

Zoezi la kuhesabu lifanye nyumbani, kwa mchele. Mwaga kiganja kimoja mkekani, hesabu punje kumi, ona kumi zinachukua nafasi gani, kisha hamisha nafasi hiyo juu ya rundo zima. Halafu hesabu moja moja uone umekosea kiasi gani. Mimi hupunguza siku zote. Kosa hilo si dogo, kwa sababu eneo linalohifadhi mara kwa mara asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani, au ndege wa majini 20,000 kwa jumla, huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu. Eneo letu la Malagarasi-Muyovozi (ndiyo Moyowosi hiyohiyo), zaidi ya hekta milioni 3, liliingia kwenye orodha yake mwaka 2000, la kwanza Tanzania.

Fikeni alfajiri, kabla jua halijaanza kuchezesha maji. Mmoja atazame, mwingine aandike. Bwawa lisilo na ndege liandikiwe sifuri. Ukiliacha wazi, msomaji atadhani hamkufika.

Ukiona pete mguuni, soma herufi na namba kwa darubini uziandike zote, bila kumkamata ndege. Ukikuta kadhaa wamekufa pamoja, usiwashike wala usikubali mtu awapeleke jikoni: mpigie afisa mifugo, na namba yake iwe kwenye simu kabla hujaondoka mji wa Nguruka, maana mbele mtandao ni wa kubahatisha.