Somo: kusanidi kaunta za prosesa ili ujue programu inachelewa wapi

Assalaam alaykum wenzangu. Tukipima programu kwa saa, tunajua imechelewa, lakini sababu hatuijui. Sababu inayo prosesa yenyewe. Intel wametia ndani yake kaunta za matukio tangu Pentium ya 1993: amri zilizokamilika, matawi (njia panda za programu) yaliyobashiriwa vibaya, data iliyokosekana kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa. Somo hili ni kwa mwenye laptop ya Intel inayoendesha Linux.

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Ukishasakinisha perf, chombo cha Linux cha kusoma kaunta hizi, soma `/proc/sys/kernel/perf_event_paranoid`. Ikiwa ni 2, unaweza kupima programu zako mwenyewe bila kuona ya ndani ya keneli (kiini cha mfumo wa Linux), na kwa somo hili yatosha. Ubuntu huweka 4, nayo hukataa. Andika `sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=2`. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, hali ya zamani hurudi, kwa hivyo hata kwenye kompyuta ya skuli hutaacha mlango wazi.

Hatua ya pili, na ndiyo ninayoisisitiza: kuwa na swali kabla ya kugusa kaunta. Letu ni hili. Jedwali la 4096 kwa 4096, kila namba baiti 8, jumla MiB 128. Andika kwa C programu mbili: moja ijumlishe kwa safu mlalo, nyingine kwa safu wima. Hesabu ni ileile, mbona ya pili inajikokota? Kashe huleta baiti 64 kwa pamoja, yaani namba 8. Ukienda kwa mlalo unazitumia zote. Ukienda kwa wima, kila hatua unaruka baiti 32,768, na namba saba ulizoletewa huenda zikatupwa kabla hujazifikia. Ni sawa na kwenda Darajani mara nane kununua vitu vinane vilivyopangwa kwenye meza moja.

Jaza jedwali kwanza, kwani kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaandikwa Linux huzielekeza kwenye ukurasa wa sifuri wa pamoja, na kipimo kitakudanganya. Chapisha jumla pia, la sivyo kompaila itaifuta kazi yote.

Hatua ya tatu, kusanidi:

`perf stat -e cycles,instructions,r412e,r4f2e ./jumla`

2e ni namba ya tukio. 41 na 4f ni vichujio vyake: 41 huhesabu kukosa kwenye kashe ya mwisho, 4f huhesabu maombi yote yaliyofika hapo. Chini kwa chini perf huandika kwenye rejista (kisanduku kidogo cha mipangilio ndani ya prosesa) ya 0x186 au jirani zake. Biti 0 hadi 7 ni tukio, 8 hadi 15 kichujio, 16 ni kuhesabu programu za mtumiaji, 22 ni kuwasha. Ukiziunganisha unapata 0x41412E. Unaweza kuiandika kwa mkono kwa `wrmsr`, chombo cha kuandika kwenye rejista, ila sikushauri: perf ndiyo inayotenganisha hesabu za programu yako na za wengine.

Linganisha r412e za programu mbili. Kujaza jedwali ni kulekule, kwa hiyo tofauti imetoka kwenye kujumlisha.

Maswali ya wanachama

*Wete: Maalim, nimeomba matukio kumi, naona asilimia pembeni, chini ya mia. Ni nini?*
Kaunta hazikutosha, kwa hiyo perf imezipokezanisha na kukadiria. Prosesa nyingi za Intel zina kaunta 4 hadi 8 za kusanidi kwa kila uzi (njia moja ya kazi ndani ya prosesa), mbali na za kudumu zinazohesabu amri na mizunguko (midundo ya saa ya prosesa). Punguza matukio. Mlinzi wa keneli naye hushika moja. `sudo sysctl kernel.nmi_watchdog=0` humwondoa, kisha mrudishe kwa 1.

*Tunguu: Yangu ni AMD. Nitumie r412e?*
Hapana dada yangu, hizo ni namba za Intel. Tumia jina `cache-misses`, au tazama `perf list`.

*Chake Chake: Naona `<not supported>` kila mstari.*
Pengine uko ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) isiyofunguliwa kaunta. Kwenye KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, jaribu `-cpu host`.

*Mkoani: Umeme ukikatika nikahamia betri, sekunde zinabadilika. Niamini kipi?*
Kwenye betri prosesa hupunguza kasi, sekunde zikaongezeka. Amri zilizokamilika hazibadiliki sana. Zitazame hizo pamoja na mizunguko, na uongeze `-r 10` ili perf irudie mara kumi na kukupa wastani.