Mswaki Usilale na Maji

Hapa Tanga wakati wa masika unaanua nguo jioni zikiwa bado mbichi, sembuse mswaki uliotupwa kwenye kikombe bafuni. Ndiyo maana ukiniuliza siri ya mswaki safi sikutajii dawa yoyote. Nakwambia ukauke. Mdomo wa kila mtu una bakteria, na wengine lazima wabaki kwenye nyuzi za mswaki hata uwe msafi namna gani. Hilo halina neno. Shida inaanza pale nyuzi zinaposhinda na kulala zimelowa, maana unyevu ndio unaowapa nafasi ya kuzaana.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye kusuuza, na hapo ndipo watu wengi wanalipua. Nyumba yetu ni ya kupanga, bomba liko uani, na siku nyingine halitoi hata tone, kwa hiyo tunapiga mswaki kwa maji ya kopo. Utamwona mtu kamaliza kusugua, anauchovya mswaki kwenye kopo lile lile alilosukutulia, anautikisa mara mbili, basi. Hapo umeusuuza kwa povu lako mwenyewe! Wanangu nimewafundisha hivi: nawa mikono kwanza. Shika kopo kwa mkono wa kushoto, mimina maji kidogo kidogo kwenye kichwa cha mswaki, huku dole gumba la kulia linazichambua nyuzi kuanzia shinani kwenda nchani. Maji ya kwanza yatatoka kama maziwa. Endelea mpaka yatoke yalivyoingia. Kisha uinamishe mswaki kwenye mwanga uangalie pale nyuzi zinapoingia kwenye plastiki, maana hapo ndipo dawa ya meno hugandia ukoko, na hapo ndipo utakuta kipande cha mchicha cha jana. Maliza kwa kuukung'uta kwa nguvu mpaka usirushe tone.

Maji ya kusuuzia yawe yale yale unayokunywa. Kama kwenu mnachemsha au mnatia dawa, usisuuzie mswaki maji ya ndoo ya kuogea, hasa kipindupindu kikitangazwa.

Sasa wapi pa kuuweka. Chooni hapana. Kama choo ni cha shimo, kuna nzi, na nzi hachagui pa kutua. Kama ni cha kuvuta maji, kila ukivuta kuna matone madogo yasiyoonekana yanaruka hewani, kwa hiyo funika choo kabla hujavuta, na mswaki ukae mbali. Mimi yetu inakaa chumbani, kwenye rafu karibu na dirisha. Kila mtu anatoka nao na kurudi nao. Watoto walinung'unika mwanzoni, sasa wamezoea.

Kikombe nimekipiga marufuku. Ukitaka kujua sababu, chukua kikombe cha miswaki cha nyumba yoyote utie kidole chini: kuna utelezi mweupe wenye harufu, na mipini inashinda humo, mipini hiyo hiyo unayoishika ukiwa unapeleka mkono mdomoni. Badala yake nilichukua kopo la plastiki la siagi lenye mfuniko. Nikapasha msumari moto, nikatoboa matundu kwenye kitako ili maji yachuruzike. Kwenye mfuniko nikatoboa matundu makubwa ya kupitisha mpini, moja kwa kila mtu, yakiachana kwa upana wa vidole vitatu. Miswaki inasimama, vichwa juu, hakuna kinachogusa chenzake. Kopo nalioshea sabuni kila Jumamosi pamoja na vyombo.

Limebaki suala la mende, na hili ndilo linalowasumbua wengi wetu. Mende anapenda mabaki ya dawa ya meno, na usiku anatembea popote. Ukiacha mswaki wazi, anakuja. Ukiufungia kwenye mfuko wa nailoni au vile vifuniko vya plastiki vya kichwa cha mswaki, mende hapati, lakini unyevu nao haupati pa kutokea, na asubuhi mswaki unanuka uvundo. Mimi nafunika kopo zima kwa kawa dogo la ukili, lile la kufunikia chakula, likiwa limekaa vizuri kwenye sinia bapa. Hewa inapita, mdudu hapiti. Usije ukatumia kipande cha chandarua kilichochakaa; vyandarua vingi vimetiwa dawa ya wadudu, na hiyo si ya kuwekwa karibu na kitu cha mdomoni. Vifuniko vya plastiki viache kwa ajili ya safari, na hata huko, ukifika Dar jambo la kwanza ni kuutoa mswaki upate hewa.

Watu wananiuliza kuhusu maji ya moto na jiki. Maji yanayochemka yanazilegeza nyuzi na kuzipinda, ukajikuta na mswaki unaochoma fizi. Jiki ni ya choo na mashuka. Roho yako ikikataa kabisa, loweka kichwa cha mswaki dakika chache kwenye dawa ya kusukutua ya dukani, uimwage, usiloweke wa mwingine humo humo. Lakini kwa mtu mzima wa afya, kusuuza na kukausha kunatosha. Aliyeugua fangasi za mdomoni anunue mpya akipona. Mwenye mafua wake utolewe kwenye kopo la wote mpaka apone.

Kuazimana mswaki naomba tusijadiliane. Fizi hutoka damu bila mwenyewe kujua, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mume na mke pia, kila mtu na wake. Mgeni akija bila mswaki, mtume mtoto dukani. Na kwa kuwa duka la mtaani huwa lina rangi moja tu mwezi mzima, ncha ya kila mpini naitia nukta ya rangi ya kucha: nyekundu ya mkubwa, zambarau ya wa pili, na mdogo kabisa anazo mbili kwa sababu alitaka mbili.

Mzee wa nyumba ya pili hana haya yote. Anatumia mswaki wa mti, na kila siku anakata ile ncha aliyokwisha kuitafuna, anamenya gome, anaanza mpya. Huo nao usikae kwenye maji. Uwe mkavu, ulainishe ncha tu wakati wa kutumia.

Mswaki wa dukani hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 4, au mapema zaidi nyuzi zikishaanza kutawanyika. Kukumbuka nimejiwekea kalenda ya shule: Januari, likizo fupi ya katikati ya muhula, Julai, na likizo fupi inayofuata. Wa zamani hautupwi. Unasugua kola za mashati, soli za viatu vya shule na mishikio ya sufuria. Ila siku hiyo hiyo ukate nusu ya mpini kwa kisu cha moto na uuhamishie kwenye ndoo ya sabuni uani, kabla mtoto mwenye usingizi hajauokota alfajiri.