Madini yakipatikana chini ya shamba lako Kenya, anza na Katiba

Watu wengi hudhani taito ikishatoka na jina lao basi kila kitu ni chao mpaka kule chini kabisa, sivyo, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujaamka ukute watu wa utafiti wanapima mpaka wa shamba.

Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 62(1)(f). Madini yote na mafuta ni ardhi ya umma, hata kama juu yake ni boma lako. Wengi wakifika hapo wanakata tamaa wanafunga, lakini shuka kidogo mpaka 62(3), maana hapo ndo pana uzito: serikali ya kitaifa imeshikilia hayo madini kwa dhamana, kwa niaba ya watu wa Kenya. Yaani ni kama mtu aliyeachiwa mali ya mayatima aitunze, makaratasi yameandikwa jina lake ni kweli, lakini wenye mali wakiuliza imeenda wapi lazima ajibu. Ukilishika hilo hutaingia ofisi ya mtu kama unaomba msaada. (Maji pia yako hivyo hivyo, angalia Sheria ya Maji ya 2016.)

Sasa kampuni ikija, uliza kwanza wana leseni ya kutafuta au ya kuchimba, na uione kwa macho yako. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye shamba aliyesajiliwa akubali kwanza, ila pia inasema usikatae bila sababu ya maana, kwa hivyo kama unakataa andika sababu, makaburi ya familia, kisima, nyumba, andika yote na ubaki na kopi. Na tafadhali usisaini kitu siku hiyo hiyo, hata ile karatasi ya waliohudhuria mkutano soma kichwa chake kwanza, usije ukaambiwa baadaye hiyo ndo ilikuwa idhini. Kama ni ardhi ya jamii, mzee mmoja hawezi kuwakubalia, Sheria ya Ardhi ya Jamii inataka mkutano na theluthi mbili ya watu wazima wapitishe.

Pesa nazo usizichanganye. Fidia ya mimea, nyumba na kupoteza matumizi ya shamba ni yako. Mirabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayochimba, ni kitu kingine, 70% inaenda serikali ya kitaifa, 20% kaunti, 10% jamii ya pale panapochimbwa. Mafuta yana mgao wake tangu sheria ya 2019, 75, 20 na 5, kwa hivyo mtu wa Turkana kwenye mafuta asipigiwe hesabu ya madini ya titani ya Kwale.

Unataka kuona mkataba? Andikia ofisi ya serikali barua ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba, wana siku 21 kukujibu. Uliza pia kama Bunge liliidhinisha, kwa sababu kifungu cha 71 kinadai hivyo kwa mikataba ya aina zilizotajwa na sheria.

Na kama mto umeanza kuchafuka, kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hata kama bado hakuna aliyeumia wala kupata hasara, usingoje mpaka ng'ombe waanze kufa.