Mtoto kapata kiwewe: tiba yenyewe inaendaje, na wewe mzazi ukae wapi

Mi ni kaunsela, na wazazi wanaonijia wako aina mbili. Kuna wa "sahau mwanangu, yameshapita", huku mtoto bado anakojoa kitandani na anagoma kupita ile barabara ya ajali. Halafu kuna anayetaka nimhoji mtoto kama polisi aseme yote leoleo. Wote wawili nawaambia subirini kwanza.

Kabla ya yote, usalama. Kama aliyemuumiza bado analala nyumba hiyohiyo usianze na mimi, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, Tanzania ipo na Kenya ipo.

Tiba ninayoitumia sana inaitwa TF-CBT, yaani tiba ya maongezi na mazoezi kwa mtoto mwenye kiwewe, ule woga unaobaki baada ya tukio baya, mara nyingi vikao 12 mpaka 16, kimoja kwa wiki. Mwanzoni hatuingii ndani ya tukio. Namfundisha kupumua, na hapa usimwambie "vuta pumzi" maana atakakamaa tu, mwambie nusa ua, haya sasa poza uji, taratibu usimwagike. Akishaweza hiyo tunapima woga kwa vidole, kidole kimoja kidogo, kumi ndo ule wa kukimbia.

Ndo tunaingia kwenye hadithi yake, kipande kipande, anachora au anasema mi naandika, vidole vikifika nane tunarudi kwenye uji kwanza. Humo ndo yanatoka yale hajawahi kumwambia mtu, mfano "mama kafa kwa sababu nilikataa kwenda dukani". Usikimbilie kumwambia "hapana si kweli", muulize: rafiki zako wakikataa kwenda dukani mama zao wanakufa? Mwache afikirie mwenyewe, hata kama kimya kinakuwa kirefu mpaka we ndo unaona aibu.

Waliopitia mengi mfululizo, kama watoto wa vita, kuna njia nyingine ya kutandika kamba sakafuni iwe maisha yake tangu alipozaliwa, ua kwa jambo zuri, jiwe kwa baya, halafu anasimulia akifuata kamba. Naipenda hii kwa sababu mtoto anaona kwa macho kwamba maua nayo yapo.

Na usiseme haya ya wazungu. Kuna utafiti wa TF-CBT ulitoka 2020, wa Moshi na Bungoma kule Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi, waliowahudumia hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na sehemu nyingi watoto walipata nafuu kuliko wenzao wa huduma za kawaida.

Nyumbani we shika ratiba tu, kula muda uleule, kulala muda uleule, taa ikibaki inawaka sawa. Akicheza mchezo wa ajali mara ishirini usimfokee.

Ukitafuta kaunsela muulize swali moja, mzazi naingia lini? Maana mwishoni mtoto anakusomea hadithi yake na inabidi uwe umeandaliwa usije ukaangua kilio wewe. Anayekwambia kila wiki "niachie mtoto, mfuate saa kumi" na hajawahi kukuita ndani, hamisha mtoto.