Namna ya Kufuatilia Jina la Kiumbe wa Mchezo Hadi Kwenye Hadithi Lilikotoka

Anayecheza Final Fantasy kwenye simu hapa Goma, huku akihesabu asilimia za betri kwa kuwa umeme umekatika tena, humwona Ifrit kuwa picha tu ya mnyama mwenye pembe anayewaka moto. Jina hilo lina wenyewe, na kuwatafuta kunahitaji daftari, kalamu na subira.

Funika picha, kisha litamke jina kwa sauti. Ukisema "Ifrit" mara mbili tatu utasikia afriti, neno ambalo Waswahili wanalo tangu zamani kwa jini mwovu, na kutoka hapo njia ni fupi hadi kwenye Kurani, sura ya 27, aya ya 39, ambapo afriti mmoja anajitolea kumletea Nabii Sulemani kiti cha enzi cha malkia wa Sheba kabla hajainuka mahali pake.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka, ni kuandika kitendo cha kiumbe kabla ya umbo lake. Afriti wa aya ile hana hata cheche. Anajisifia nguvu na uaminifu. Anayetafuta chimbuko la moto asome sura ya 55, inayosema kwamba majini waliumbwa kwa moto. Mchezo, basi, umebaki na asili ya afriti ukaiacha kazi yake.

Bahamut, joka wa mchezo huohuo, amegeuzwa zaidi. Waandishi wa kale wa Kiarabu walimweleza kuwa samaki mkubwa mno aliye chini ya dunia, juu yake fahali, juu ya fahali mwamba, na juu ya mwamba malaika aliyeibeba dunia. Waliomfanya joka ni watu wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974; Final Fantasy ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1987, ikampokea akiwa joka tayari. Kwa jina la namna hii, andika pia limepita mikononi mwa nani, ama sivyo utamtafuta joka katika vitabu vyenye samaki.

Ukishazoea, na hasa ukitaka kutunga mchezo wako, rudi nyumbani. Katika utenzi wa shujaa Mwindo wa Wanyanga, watu wa Walikale mkoani Kivu Kaskazini, ulioimbwa na Candi Rureke na kunakiliwa mwaka 1956, yumo Kirimu, joka mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba. Mchoraji atavikimbilia vichwa. Wewe tazama kitendo. Mwindo anamuua Kirimu, kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba, yaani radi, naye Nkuba anampandisha shujaa huyo mbinguni, ambako anateswa kwa baridi na jua na kukatazwa kuua wanyama. Mchezo unaomzawadia mchezaji pointi kwa kumuua Kirimu utakuwa umeupindua utenzi wote, jambo linaloruhusiwa, mradi mtunzi alijue.

Majina ya milima yetu yanataka uangalifu zaidi. Mimi joka la lava nisingeliita Nyiragongo, jina la volkano iliyo karibu na Goma, bali ningelitungia jina jipya, kwa sababu lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji huu, na baadhi ya watakaoucheza mchezo huo wamejenga kuta zao kwa mawe ya lava ileile.